Kugeuza Filamu ya Vichekesho kuwa Pinboli

Pinboli ya filamu ni mashine ya mchezo ambayo picha, sauti, vifaa na kanuni zake za kupata pointi hutokana na filamu mahususi. Inatofautiana na pinboli ya mada huru, ambayo wahusika wake hubuniwa na watengenezaji wenyewe, kwa kuwa huhitaji leseni ya wenye haki za filamu na, mara nyingi, idhini ya waigizaji ambao sura au sauti zao hutumika.

Ndani ya aina hii limo kundi dogo la vichekesho vyenye wafuasi sugu. Hizi ni filamu ambazo pengine hazikujaza majumba ya sinema zilipotoka, lakini hutazamwa tena na tena na watu wanaoyajua maneno yake kwa ghibu. Mfano dhahiri ni The Big Lebowski (1998) ya ndugu Joel na Ethan Coen, ambayo mashabiki walianza kuifanyia tamasha mwaka 2002 huko Louisville, Kentucky. Pinboli yake ilizinduliwa mwaka 2014 na kampuni ya Dutch Pinball ya Uholanzi.

Malighafi ya filamu ni ya mafungu manne: mahali, vifaa, matukio na maneno.

Mahali hutoa mpangilio wa mchezo. Katika pinboli ya The Addams Family, iliyobuniwa na Pat Lawlor na kutolewa na Bally mwaka 1992, jumba la familia ndilo ramani: kila chumba ni jukumu jipya, na anayevimaliza vyote huanza ziara ya jumba zima.

Vifaa ni vya namna mbili. Pambo huonekana tu. Kifaa tendaji hugusa mpira na kuubadilishia mwendo. Mkono usio na mwili wa familia ya Addams ni kifaa tendaji: hutokeza sandukuni na kuunyakua mpira kwa sumaku. Vivyo hivyo njia ndogo ya bolingi, yenye pini zake, katika The Big Lebowski.

Matukio huwa majukumu. Kila jukumu lina kianzio, shabaha na mwisho. Filamu hufuata mfuatano mmoja; pinboli humwachia mchezaji kuchagua. Ndiyo maana visa vyenye mtiririko legevu hugawanyika kwa urahisi kuliko visa vilivyofungamana, na vurugu za filamu hufaa vipindi ambapo mipira kadhaa huachiwa kwa pamoja.

Maneno ni fungu gumu kuliko yote. Hunukuliwa kutoka filamu au hurekodiwa upya, kama walivyofanya waigizaji Raul Julia na Anjelica Huston kwa ajili ya The Addams Family. Kazi zake ni tatu: kuelekeza, kusifu na kukejeli mpira unapopotea. Kwa kuwa neno moja husikika mara nyingi mno, kichekesho kinachotegemea mshtuko huchosha mapema. Kinachotegemea tabia ya mhusika na lafudhi yake hudumu.

Hapo ndipo ubora wa kundi hili unapopatikana. Vichekesho vyenye wafuasi sugu vimekwisha kupita mtihani wa marudio kabla ya kuingia mashineni, kwani wapenzi wake huyarudia maneno yaleyale kwa hiari. Mada inayostahimili kurudiwa inafaa mchezo ambao kila mpira unaopotea huanzisha mwingine.