Kwa nini tunakuja nyumbani kwa kupitia Amsterdam au Dubai

Juzi kwenye simu mama mdogo kaniuliza, "Mwanangu, hivi hamna ndege ya moja kwa moja kutoka huko Birmingham mpaka Dar?" Hamna, mama. Nikataka kumweleza sababu, salio likaisha, basi naieleza hapa.

Wazee mnaikumbuka East African Airways, iliyoanza 1946. Ilikuwa ya nchi zetu zote tatu na ilifika London na Super VC10 zake. Ikafa 1977 pamoja na Jumuiya, kila nchi ikabaki na kashirika kake. Sasa kashirika hako kashindane na British Airways au KLM kwenye safari za Ulaya? Thubutu!

Wakenya wakaamua kumwingiza mkubwa ndani ya nyumba. Mwaka 1996 KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways, na wakawa na ubia wa safari. Ubia wenyewe uko hivi: badala ya kugombania abiria wa Nairobi na Amsterdam, mnapanga ratiba na nauli pamoja, mapato yanaingia chungu kimoja, mnagawana. Sisi wa Birmingham KLM ilituzoa hapa, ikatushusha Amsterdam, tukakwea pipa lingine hadi Nairobi kwa tiketi ileile. Kenya Airways haikuhitaji kuleta ndege hata moja huku. Raha, sikatai. Ila waliotakiwa kushindana wanakula sahani moja, nani atashusha nauli?

(Na sisi tulijaribu. South African Airways ilichukua asilimia 49 ya Air Tanzania mwaka 2002. Ndoa ikavunjika 2006.)

Mshindani alitokea kwingine kabisa. Desemba 2000 Emirates ilianza kuruka kutoka hapahapa Birmingham kwenda Dubai, na kutoka Dubai unashuka Nairobi au Dar. Mjomba alipofariki nilikuwa na siku mbili tu za kuwahi mazishi. Nilipiga hesabu ya njia zote mbili, ya Dubai ndiyo mfuko wangu uliiweza. Ingekuwepo ya Amsterdam peke yake, mngemzika bila mimi.

Kenya nako manung'uniko yalikuwa mengi, kwamba Mholanzi ndiye anayenufaika, hasa baada ya Kenya Airways kupata hasara ya shilingi bilioni 25.7 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015. Hisa za KLM zikashuka hadi asilimia 7.8 mwaka 2017, na ubia ukavunjwa Septemba 2021. Mimi naona lawama zilizidi kidogo. Abiria wa Birmingham Kenya Airways ingewapataje peke yake?

Kwa hiyo mama mdogo, Desemba naja kwa Dubai. Mje wengi uwanjani, mizigo ni mingi.