Uvimbe Uliojificha Nyuma ya Mfupa: Kakamega Kabla na Baada ya Siti Skani

Kuna dai lisilochoka kurudiwa matangani na redioni katika magharibi mwa Kenya: kwamba uvimbe wa ubongo ni maradhi ya siku hizi, yaliyoletwa na simu za mkononi, mafuta ya kupikia na mbolea ya viwandani, na kwamba wazee wetu hawakuyajua. Dai hili lina pacha wake wa kisomi, mkongwe kuliko lenyewe, aliyezunguka katika maandishi ya madaktari wa enzi ya ukoloni: kwamba Mwafrika hapati uvimbe wa ubongo, au huupata mara chache mno. Nayapinga yote mawili, kwa kuwa yamezaliwa na kosa moja. Kila upande umehesabu kilichoonekana, kisha ukatangaza kuwa ndicho kilichokuwepo.

Kisa cha uvimbe wa kichwa katika eneo hili kina pande mbili. Uvimbe wa tundu la jicho hausubiri chombo. Unalisukuma jicho nje, mama analiona asubuhi akimwosha mtoto, jirani analiona, mhudumu wa zahanati analiona kabla hajauliza jina. Uvimbe wa ubongo, hata ukiwa sentimita chache tu nyuma ya hapo, umefungiwa ndani ya mfupa. Mgonjwa anaumwa kichwa, anatapika alfajiri, macho yanafifia, pengine anaanguka kifafa au tabia inabadilika. Kila dalili kati ya hizo ina maelezo mengine yaliyo karibu: malaria, kichaa, mkono wa mtu. Ndiyo maana historia yetu ya tiba imejaa mataya na macho, na ina bongo chache sana.

Si kwamba hakuna aliyezigusa bongo hizo. Mwaka 1934 F. W. Vint, mwanapatholojia wa maabara ya serikali Nairobi, alichapisha katika Journal of Anatomy uchunguzi wa bongo 100 za Wakenya waliokufa, akadai kuwa ni nyepesi kuliko za Wazungu na gamba lake ni jembamba. Mwaka 1951 J. C. Carothers, aliyekuwa akisimamia Hospitali ya Mathari, akaongeza nadharia yake kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo wa Mwafrika. Sina subira na kazi hizi mbili. Zilianza na jawabu, zikatafuta mizani ya kulithibitisha. Ninachotaka msomaji akione ni jambo moja: katika miaka ambayo ubongo wa Mkenya aliyekufa ulistahili kupimwa uzito, ubongo wa Mkenya aliye hai, anayetapika kule Mumias au Shinyalu, haukuwa na wa kuutazama. Vint huyohuyo aliandika mwaka 1935 katika jarida la Lancet kuhusu saratani miongoni mwa Waafrika wa Kenya, na kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa kuliko ile ya mizani. Lakini waliokuja baadaye walipenda zaidi kunukuu mizani.

Vyombo navyo havikuwepo. Eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, inaonyesha mfupa wa fuvu vizuri, lakini ubongo wote kwake ni kivuli kimoja. Uvimbe ungejulikana tu kama umeula mfupa, umeunenepesha, au umeweka chembe za chokaa. Walter Dandy wa Marekani alibuni mwaka 1918 na 1919 njia ya kuingiza hewa katika mashimo ya ubongo ili yaonekane kwenye picha, njia iliyomwachia mgonjwa maumivu makali ya kichwa kwa siku kadhaa. Egas Moniz wa Ureno akaja mwaka 1927 na picha za mishipa ya damu. Mara nyingi njia zote mbili hazikuonyesha uvimbe wenyewe. Zilionyesha kilichosukumwa na uvimbe, na daktari akakisia kilichosukuma. Tena zilihitaji mpasuaji wa ubongo awe karibu, maana mgonjwa angeweza kuzidiwa mezani. Hospitali za misheni za upande wetu, iwe Kaimosi ambako Marafiki walifika mwaka 1902, au Mukumu na Mumias za Wakatoliki, zilifanya mengi ya kushukuriwa, lakini hilo halikuwa katika uwezo wao.

Kwa hiyo tuanze na jicho na taya, kwa sababu ndipo ushahidi ulipo.

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari wa Mulago, Kampala, alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote. Muda mfupi baadaye Burkitt alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo katika hospitali ya Jinja, mwenye uvimbe pia tumboni. Burkitt alikuwa na jicho moja. La pili alilipoteza utotoni. Sijui mtu mwingine katika historia ya tiba ya Afrika Mashariki aliyetazama kwa bidii zaidi. Alirudi kwenye rekodi, akakuta watoto wengi walioandikwa kwa majina mbalimbali ya magonjwa, huyu taya, yule jicho, mwingine figo, akasema wote wana ugonjwa mmoja, saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958 katika British Journal of Surgery. Uvimbe ule ukianzia taya la juu hupanda hadi kwenye tundu la jicho, na jicho huchomoza; kwa mtoto wa kanda hii, jicho lililotoka ghafla katika muda wa wiki chache lilikuwa, na bado ni, sababu ya kuufikiria ugonjwa wa Burkitt kabla ya mwingine wowote.

Kisha akauliza swali ambalo wenye vyombo vizuri hawakuuliza: unapatikana wapi, na wapi haupatikani? Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za bara zima. Tarehe 7 Oktoba 1961 akaondoka Kampala na madaktari wenzake Ted Williams na Clifford Nelson, katika gari kuukuu la Ford, safari ya wiki 10 na maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali zaidi ya 50 hadi kusini mwa bara. Waligundua kwamba karibu na ikweta ugonjwa ulikoma penye mwinuko wa futi 5,000 hivi, na kwamba kadiri walivyokwenda kusini mstari huo ulishuka. Alexander Haddow wa taasisi ya virusi ya Entebbe ndiye aliyeutafsiri mstari huo: tatizo si mwinuko, ni joto na mvua. Ugonjwa ulikaa pale ambapo joto la chini halipungui nyuzi 15 hivi za Selsiasi na mvua ya mwaka inazidi sentimita 50. Hiyo ni ramani ya mbu. Mwaka 1964 Gilbert Dalldorf na wenzake, akiwemo C. A. Linsell wa Nairobi, waliangalia wagonjwa wa Kenya na kuulinganisha uwepo wa ugonjwa na malaria nzito ya kanda ya ziwa na ya pwani. Mwaka huohuo, kutokana na vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kutoka Uganda, Epstein, Achong na Barr walikiona kirusi kinachobeba majina ya Epstein na Barr.

Sasa tazama ramani ya Kakamega. Futi 5,000 ni mita 1,524. Mji wa Kakamega uko mita 1,535 hivi juu ya usawa wa bahari. Mumias iko chini, kama mita 1,300; ukielekea Lugari na Likuyani, ardhi inapanda. Mstari wa Burkitt unapita katikati ya kaunti moja, kati ya wanaolima miwa na wanaolima mahindi ya nyanda za juu. Nimesoma maelezo mengi ya mstari huo yanayotaja Ruwenzori na Zimbabwe, na sikukuta mahali panapotaja kwamba unapita uani kwetu.

Kuna chanzo kingine ambacho wanaosema "maradhi ya siku hizi" wangepaswa kukijua. Hospitali ya Mengo, Kampala, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, ilitunza kumbukumbu za wagonjwa kwa uangalifu wa kushangaza. Mwaka 1964 J. N. P. Davies na wenzake walichapisha katika British Medical Journal uchambuzi wa saratani katika kumbukumbu hizo kuanzia 1897 hadi 1956. Uvimbe wa mataya ya watoto umo, tangu miaka ya mwanzo kabisa, kabla ya barabara za lami na kabla ya duka la kwanza la mafuta ya kupikia. Kwa uvimbe unaoonekana kwa macho, suala limekwisha: haukuletwa na usasa.

Kwa uvimbe usioonekana, ilibidi wapasuaji wa ubongo waje kwanza. Renato Ruberti, Mwitaliano, alifika Nairobi mwaka 1967. Mulago ilipata kitengo chake mwishoni mwa muongo huohuo chini ya Ian Bailey, na Jovan Kiryabwire akawa mpasuaji wa kwanza Mganda wa fani hiyo. Mwaka 1971 yakatokea mambo matatu ambayo sijaona yakiwekwa pamoja. Ruberti na Poppi walichapisha katika East African Medical Journal makala kuhusu uvimbe wa mfumo wa neva kwa Mwafrika. A. C. Templeton wa Kampala akachapisha katika British Journal of Ophthalmology makala kuhusu uvimbe wa tundu la jicho kwa watoto wa Kiafrika, ambamo ugonjwa wa Burkitt unaongoza. Na tarehe 1 Oktoba, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mashine ya siti skani aliyoibuni Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Uvimbe ukaonekana.

Makala ya Ruberti ndiyo ninayoisikitikia kwa jinsi ilivyosahaulika. Mtu akishaanza kufungua vichwa vya walio hai, uvimbe unapatikana. Dai la uhaba lilianza kufa siku hiyo, wala si siku mashine ilipofika kaunti.

Mashine yenyewe inakata kichwa kwa macho kama anayekata mkate vipande, bila kisu. Mwale mwembamba wa eksirei unapita kichwani kutoka pembe nyingi, kompyuta inakokotoa kila sehemu ndogo imezuia mionzi kiasi gani, na kuipa namba. Maji ni 0, hewa ni 1,000 chini ya sifuri, mafuta ni kama 100 chini ya sifuri, mfupa mgumu unafika 1,000 na zaidi. Hesabu za msingi alikuwa amezifanya mapema Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria tatizo hilo mwaka 1956 alipokuwa akisaidia hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Nashangaa kwamba katika shule zetu jina la Cormack halitajwi, ilhali wazo lilichipuka katika hospitali ya Afrika.

Mashine ya kwanza ilitosha kichwa tu, kikiwa kimezungukwa na maji, kwa gridi ya vijisehemu 80 kwa 80. Tundu la jicho likafuata upesi: mwaka 1974 daktari wa picha James Ambrose, pamoja na Lloyd na Wright, walitoa tathmini ya kwanza ya uvimbe wa tundu la jicho kwa gridi laini zaidi. Tundu la jicho limeumbwa kana kwamba kwa ajili ya chombo hiki. Limejaa mafuta, na mafuta hutoka meusi kwenye picha. Misuli, mshipa wa neva na uvimbe vikaonekana vyeupe ndani yake. Daktari anaona kama uvimbe uko ndani ya duara la misuli au nje, kama umetoka kwenye taya, au kama umeanzia kwenye utando wa ubongo, ukaunenepesha mfupa na kulisukuma jicho kutoka nyuma. Ndani ya jicho la mtoto mwenye retinoblastoma, saratani ya retina, chembe za chokaa zinang'aa. Kwa mara ya kwanza jicho na ubongo vilikuwa katika picha moja, na ule mpaka wa mfupa uliozigawa takwimu zetu ukatoweka.

Miaka ya 1980 na 1990 naipita. Ilikuwa miaka ya kupanda basi kwenda Nairobi, baadaye Eldoret, na aliyekosa nauli hakuingia katika takwimu yoyote. Ugatuzi ulianza mwaka 2013, mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali ukazinduliwa mwaka 2015, mashine za siti skani zikaanza kufika kaunti, na mabishano ya bei yakafika Seneti. Mengi yameandikwa juu ya bei, machache mno juu ya msomaji wa picha.

Kwa maana picha haisemi jina la ugonjwa. Duara linalong'aa pembeni baada ya dawa ya kung'arisha picha linaweza kuwa saratani. Linaweza pia kuwa kifua kikuu cha ubongo, au kimelea cha toksoplasma kwa mwenye virusi vya UKIMWI, au kifuko cha minyoo ya tegu ya nguruwe, minyoo ambayo watafiti wameifuatilia kwa miaka mingi Busia, jirani tu. Nyuma ya kichwa, ambako uvimbe mwingi wa watoto hukaa, mifupa minene ya masikio huchafua picha kwa michirizi. Na ugonjwa wa Burkitt huthibitishwa na kipande cha nyama chini ya hadubini. Uvimbe huo hukua kwa kasi ya siku, na hushuka kwa dawa haraka vilevile, kama Burkitt na Peter Clifford wa Nairobi walivyoonyesha tangu miaka ya 1960 bila skani yoyote. Mtoto mwenye jicho lililochomoza hapaswi kuwekwa kwenye foleni ya picha wiki tatu ilhali kipande kingeweza kuchukuliwa leo.

Ninachokiomba ni kazi ya karani. Kila kituo kinachopiga picha za kichwa Kakamega kiandike kata anakotoka mgonjwa, umri wake, picha ilionyesha nini, na maabara ilisema nini baadaye. Kwa miaka mitano ya daftari kama hilo tungeweza kuweka Matungu ya chini upande mmoja na Likuyani ya juu upande wa pili, tukajua kama mstari wa mwaka 1961 bado upo mahali pake, sasa kwa kuwa vyandarua vimeenea na milima imepata joto.