Joe Doherty

Joe Doherty (alizaliwa Belfast mwaka 1955) ni mpiganaji wa zamani wa IRA, kundi lenye silaha lililopinga utawala wa Uingereza katika Ireland Kaskazini, ambaye kesi yake nchini Marekani ilionyesha jinsi serikali inavyoweza kushindwa mahakamani na bado ikapata ilichokitaka. Mei 1980 kundi lake lilimuua kapteni wa jeshi la Uingereza, Herbert Westmacott. Juni 10, 1981, kesi yake ya mauaji hayo ikiendelea, yeye na mahabusu wenzake saba waliwaelekezea bastola askari wa gereza la Crumlin Road, baadhi wakavaa sare zao, wakatoka. Siku mbili baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha bila kuwapo.

Alikimbilia Marekani, na FBI, idara ya upelelezi ya huko, ilimkamata New York mwaka 1983 katika baa alikofanya kazi. Mwaka uliofuata Jaji John Sprizzo alikataa kumkabidhi kwa Uingereza, akisema kosa lake lilikuwa la kisiasa. Wapo wanaosema mauaji ni mauaji tu. Hoja hiyo ina uzito, lakini Sprizzo hakuhalalisha kila damu: alitenga wazi mashambulizi dhidi ya raia. Serikali ya Marekani ikageukia sheria za uhamiaji ili kumwondoa nchini. Wengine husema kila nchi ina haki ya kumfukuza aliyeingia kinyemela. Ni kweli, ila Doherty aliomba apelekwe Jamhuri ya Ireland, na mwaka 1988 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Edwin Meese, akaamuru apelekwe Uingereza. Januari 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiunga mkono serikali kuhusu utaratibu wa uhamiaji, bila kuamua asili ya kosa. Mwezi uliofuata alirudishwa Belfast, akafungwa hadi 1998, alipoachiwa kufuatia Mkataba wa Ijumaa Kuu, mkataba wa amani wa Ireland Kaskazini.