Kutu ndani ya tangi la pikipiki ya zamani: jinsi ya kuitoa

Baridi ya usiku huko Matiri, Mbinga, huacha matone ya maji ndani ya tangi lisilojaa mafuta. Kutu ikianza, chembe zake huziba kabureta na pikipiki inakuzimia mlimani.

Mwaga petroli yote, toa koki, osha tangi kwa maji ya sabuni. Fanyia kazi nje, mbali na moto na sigara: hata tangi tupu hulipuka kwa mvuke uliobaki.

Ziba tundu la koki. Tia nati 10 na siki kiasi, tikisa sana. Kisha jaza siki, acha saa 24.

Mwaga, hesabu nati zitoke zote. Suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha juani, jaza petroli siku hiyohiyo. Chuma kikibaki kitupu, kutu inarudi upesi.