Ekzosi na Magonjwa Yake

Lita moja ya petroli ikiungua ndani ya injini huzaa takriban lita moja ya maji. Maji hayo hutoka na moshi yakiwa mvuke, na pikipiki ikienda safari ndefu bomba hupata moto wa kutosha kuyafukuza yote. Bodaboda haina safari ndefu. Inampeleka mama sokoni, inarudi kijiweni, inamfuata mwanafunzi, inarudi tena kijiweni. Mvuke unapoa, maji yanatuama chini ya sailensa, na kutu inaanza kula chuma kutoka ndani. Siku dereva anapoona tundu kwa nje, bomba limeshaugua muda mrefu.

Hiyo ndiyo kazi kubwa ya fundi wa ekzosi siku hizi, kuanzia Busia hadi Mbeya. Zamani haikuwa hivyo. Kila kizazi cha pikipiki Afrika Mashariki kimekuja na ugonjwa wake wa bomba, na fundi amelazimika kubadili tiba.

Moto wenyewe wa kutibia una umri mkubwa kuliko bodaboda. Mwaka 1903 Wafaransa Edmond Fouché na Charles Picard walitengeneza kichomeo cha oksijeni na asetilini, ambacho ndimi zake hupita nyuzi 3,000 za sentigredi. Kenya, ujuzi wa kukitumia ulipita katika karakana za reli na gereji za Wahindi, ambako vijana wa Kiafrika walianza kwa kushika spana na kufagia vyuma chakavu. Kenneth King, katika kitabu chake The African Artisan cha mwaka 1977, alieleza jinsi wasaidizi hao walivyojitoa mmoja mmoja wakaanzisha kazi zao wenyewe. Wengi walifanyia kazi juani, bila kibanda wala hati ya kiwanja, mpaka mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na vikajengwa vibanda vya kuwakinga na jua lililowapa jina la jua kali.

Asiyemudu mtungi wa asetilini aliitengeneza mwenyewe: mawe ya kabaidi, maji, na pipa. Ni njia rahisi na ya hatari. Gesi hiyo ikibanwa sana hulipuka hata pasipo hewa, ndiyo maana viwandani huyeyushwa katika asetoni kabla ya kutiwa mtungini. Pipa la gereji halina asetoni.

Pikipiki za wakati huo, zile Suzuki na Yamaha za mabwana shamba na mapadri, nyingi zilichanganya oili na petroli. Ugonjwa wake ulikuwa masizi. Oili isiyoungua vizuri iliganda ndani ya sailensa ikawa nene kama ukoko wa ugali, pikipiki ikashindwa hata kilima kidogo. Tiba haikuhitaji kuchomelea: fundi aliitoa sailensa, akaitia kwenye moto wa mkaa mpaka oili ikaungua, akaigonga jivu likamwagika.

Lakini injini za aina hiyo zina jambo ambalo fundi hakuweza kulipuuza. Bomba lake ni sehemu ya injini. Aliyelifanyia kazi hilo kuliko wote ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki. Alilichonga bomba likapanuka tumboni na kubana mwishoni, ili wimbi la mgandamizo lirudi nyuma na kuusukuma ndani ya silinda mchanganyiko wa petroli uliotaka kutoroka na moshi. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya sisi (cc) 125 ilitoa nguvu ya farasi 25. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka akiwa kwenye mashindano Sweden, akaenda Suzuki na siri hizo. Mwaka 1962 akatwaa ubingwa wa dunia wa sisi 50 kwa pikipiki ya Kijapani. Katika bomba la namna hiyo, kubonyea mahali pabaya hula nguvu ya injini. Mafundi hukata kipande kama dirisha, wakanyoosha kwa nyundo kutoka ndani, kisha wakakirudishia.

Mambo yaligeuka mwaka 2008, Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizofika sisi 250. Mwaka 2010 Tanzania nayo ikatunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria. Barabara zikajaa pikipiki za Kihindi na Kichina ambazo hazichanganyi oili. Masizi yakapungua, kutu ikachukua zamu.

Bati la sailensa ni jembamba, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Mwenye mashine ya umeme na mkono mzito hutoboa tundu kubwa kuliko alilokuta. Anayejua hukata sehemu yote iliyooza mpaka afike kwenye chuma kizima, hukisugua king'ae, huweka kiraka, kisha hushikiza nukta kwa nukta akiacha kipoe. Kiraka kikiwa cha bati la mabati ya nyumba, madini ya zinki huungua na kutoa moshi mweupe unaoleta homa usiku. Mafundi wengi hunywa maziwa kuusafisha kifua. Maziwa hayafiki mapafuni, lakini imani hiyo haitaondoka leo wala kesho; kufungua mlango na kusimama upande upepo unakotokea kungewafaa zaidi.

Kuna sehemu nyingine ambayo madereva huidharau: kikinga joto. Nati zake hulegea kwa mtetemo, kikaanguka, na asiyenunua kingine huacha bomba wazi. Ekzosi za pikipiki nyingi ziko upande wa kulia, hivyo abiria anayepanda au kushuka upande huo huondoka na kovu kwenye kigimbi cha mguu wa kulia. Fundi hukikata kingine kwenye bati la debe kwa dakika chache.

Siku hizi wapo pia wanaoleta sailensa nzima itobolewe, vizibo vya ndani vitolewe, ili pikipiki ingurume. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinakataza makelele ya namna hiyo, na fundi anazijua. Huvitoa, hulipwa, huviweka pembeni. Mteja akishakamatwa huvirudisha, naye hulipwa tena.