Mume, mke na pikipiki: Wawili wawili waliozijenga barabara za matembezi za Marekani

Mwaka 1935 Earl Robinson na mkewe Dot waliondoka Los Angeles kwa pikipiki ya Harley-Davidson iliyofungwa kigari cha ubavuni, wakashika njia ya New York. Walivuka Marekani kutoka bahari hii hadi bahari ile kwa saa 89 na dakika 58. Ni safari ya zaidi ya kilometa 4,500 kwa muda usiotimia siku nne, mchana na usiku, enzi ambazo zile barabara pana za Marekani tunazoziona kwenye filamu hazijajengwa bado. Ilikuwa rekodi ya pikipiki zenye vigari vya ubavuni.

Dot alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1912, na inasimuliwa kwamba mama yake alipelekwa hospitali kujifungua akiwa amekaa ndani ya kigari cha pikipiki. Baba yake, James Goulding, alikuwa mtengenezaji wa vigari hivyo. Familia ilipohamia Marekani na kufungua duka la pikipiki huko Saginaw, jimbo la Michigan, binti akakulia humo humo, kati ya grisi na spana. Earl alikuja kama mteja. Walioana mwaka 1931.

Nimeanza na hawa wawili kwa makusudi. Historia ya safari ndefu za pikipiki imezoeleka kusimuliwa kama habari ya mwanamume mmoja, koti la ngozi, na upweke wake barabarani. Simulizi hiyo inavutia, lakini imewaacha nje watu wengi mno. Ukifuatilia miaka na majina, unakutana na ndoa kila kona: mume na mke walioendesha, mume na mke waliowapikia waendeshaji, mume na mke waliojenga vitu vya ajabu kando ya njia ili msafiri apate sababu ya kusimama. Dot mwenyewe hakuwa abiria wa kubebwa. Mwaka 1940 alishinda daraja la pikipiki zenye vigari katika mashindano ya Jack Pine, siku mbili za kupambana na mchanga, matope na misitu ya Michigan kwa karibu kilometa 800, akawa mwanamke wa kwanza kushinda shindano la kitaifa la pikipiki nchini humo. Mwaka huo huo yeye na Linda Dugeau walianzisha Motor Maids, chama cha wanawake waendesha pikipiki ambacho kipo hadi leo.

Twende Sturgis, mji mdogo wa jimbo la South Dakota. Clarence Hoel, maarufu kama Pappy, alitoka katika familia iliyouza barafu. Majokofu yalipoingia majumbani, biashara hiyo ikaanza kuyeyuka mikononi mwao. Mwaka 1936 akachukua uwakala wa pikipiki za Indian na kuanzisha klabu ya Jackpine Gypsies. Tarehe 14 Agosti 1938 klabu hiyo iliandaa mashindano yake ya kwanza. Washindani walikuwa tisa.

Hapa ndipo anapotakiwa kutajwa mkewe, Pearl. Wageni walipiga mahema nyuma ya duka, na Pearl ndiye aliyewalisha: maharage, viazi, soseji, vipande vya tikiti maji. Mumewe aliwaongoza kwenye matembezi ya msafara kupitia milima ya Black Hills hadi Mlima Rushmore, ambako sura za marais wanne, kila moja ikiwa na urefu wa mita 18 hivi, zilikuwa bado zinachongwa kwenye mwamba. Kazi ilianza 1927 ikakoma 1941. Mtu aliyekuja kutazama mbio akaondoka ameona nchi, na ameshiba. Kwa maoni yangu, matembezi yale na sufuria za Pearl ndivyo vilivyomfanya mgeni arudi mwakani na mkewe. Mashindano hayo yakawa mkutano wa kila mwaka. Vita ya Pili ya Dunia ilipoleta mgao wa petroli, mkutano wa 1942 haukufanyika. Baada ya vita ulifufuka na kuendelea kukua, na mwaka 2015, ulipotimiza mara ya 75, ulikadiriwa kuvuta zaidi ya watu 700,000. Pappy alifariki mwaka 1989. Pearl aliishi hadi 2005, akafa akiwa na miaka 99.

Mwendo wa kama kilometa 130 mashariki ya Sturgis kuna kijiji cha Wall. Mwaka 1931 Ted Hustead na mkewe Dorothy walinunua duka la dawa hapo kwa fedha za urithi. Marekani ilikuwa imezama kwenye mdororo wa uchumi, mashamba yamekauka, na wakazi wa kijiji walikuwa mia tatu na kitu. Walijipa miaka mitano. Ilikuwa inakwisha bila faida wakati Dorothy, Jumapili moja ya joto kali mwezi Julai 1936, alipokwenda kumlaza mtoto na yeye apumzike kidogo. Usingizi haukuja. Magari yalikuwa yanapita moja baada ya jingine barabarani, yakielekea Rushmore. Akawaza: watu hawa wanatoka kwenye tambarare yenye jua na vumbi, na kubwa wanalolitaka saa hii ni maji baridi. Barafu tunayo. Kwa nini tusiwaambie waje wanywe maji ya barafu bure?

Ted alitengeneza mabango akisaidiwa na kijana wa shule. Waliyapanga kwa kuachiana nafasi kando ya njia, kila bango na maneno machache, ili dereva aunganishe mstari kadiri anavyokwenda, kama yalivyokuwa matangazo ya sabuni ya ndevu ya Burma-Shave. Alisimulia kwamba kabla hajarudi dukani, wateja walikuwa wameshaanza kuingia. Msafiri alikuja kunywa maji, akanunua malai, akaulizia njia. Kiangazi kilichofuata waliajiri wasichana wanane. Leo duka hilo, Wall Drug, limemeza sehemu kubwa ya barabara kuu ya kijiji, na waendesha pikipiki wanaokwenda Sturgis kila Agosti huegesha mbele yake kwa safu ndefu.

Mambo hayakuwa mepesi kwa wote. Sheria ya mwaka 1956 ilizaa barabara pana zisizo na makutano, na vijiji vingi vilijikuta vimerukwa. Barabara maarufu ya Route 66, iliyoanzishwa 1926, ilifutwa rasmi mwaka 1985. Sheria nyingine ya 1965 ilibana mabango ya kando ya njia, na maduka kama la Hustead yaliguswa.

Kilichookoa barabara za zamani, kwa sehemu, ni pikipiki yenyewe kuwa rafiki wa mtu wa nyuma. Mwaka 1965 Electra Glide ya Harley-Davidson ilikuja na kiwashio cha umeme, ikawaondolea wengi adha ya kupiga teke. Mwaka 1975 Honda ilitoa Gold Wing, na kufikia 1980 mtu aliweza kuinunua ikiwa na kinga ya upepo na masanduku ya mizigo kutoka kiwandani. Anayepakizwa akaacha kuteseka. Akipata pa kuegemea, siku ya kilometa 500 inampa nafasi ya kutazama pembeni, na mara nyingi ni yeye anayemgusa dereva begani kumwambia asimame, kuna kitu kule.

Kitu hicho huweza kuwa nyangumi wa buluu. Huko Catoosa, Oklahoma, kando ya Route 66, Hugh Davis, aliyewahi kuongoza bustani ya wanyama ya Tulsa, alijenga nyangumi wa zege mwenye urefu wa mita 24 hivi kwenye bwawa lake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa zawadi ya kumbukumbu ya ndoa kwa mkewe Zelta, ambaye alikusanya vinyago vya nyangumi. Hugh alikusudia familia yake iogelee hapo. Wapita njia wakaanza kuingia majini bila kualikwa, naye akawafungulia milango. Bwawa lilifungwa 1988 na Hugh akafariki miaka miwili baadaye, lakini majirani walirudi kupaka rangi, na mwaka 2020 mji wa Catoosa ulilinunua eneo lote.

Waandishi wa historia ya barabara, hata za kwetu, nawaomba jambo moja. Mkimtaja mwanzilishi, ulizeni na jina la aliyekuwa naye. Pearl, Dorothy na Dot walikuwepo tangu siku ya kwanza, na bila wao hakuna Sturgis, hakuna Wall, wala rekodi ya 1935.