Mahindi Tunalima Sisi, Unga Tunanunua Sisi: Somo la Jangwani kwa Mkulima wa Ufipa



Mwaka mmoja kwenye mkutano wa kijiji, nilipomaliza kueleza nafasi za kupandia, bibi mmoja alinyoosha mkono akaniuliza: "Mwanangu, mahindi tunalima sisi. Mbona ikifika Januari unga tunanunua sisi?" Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, maana jibu sikuwa nalo. Nikamwambia, "Bibi, nipe muda, nitakuletea jibu." Leo nimelileta, nalo linaanzia mbali kidogo, kwenye nchi zisizo na mvua.

Wenye fedha, wasio na mvua

Hapa kwetu Ufipa, miaka mingi tunapata mvua ya milimita 800 hadi 1,200, kuanzia Novemba hadi Aprili. Oman, ambako wako ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, sehemu kubwa ya nchi hupata kama milimita 100 tu kwa mwaka. Mchele na ngano yao hutoka nje kwa meli.

Jirani yao Saudi Arabia alijaribu njia nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, serikali ililipa bei kubwa kwa wakulima walime ngano jangwani, kwa maji ya visima virefu. Ngano ilikubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ile ya mchanga ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Lakini maji yale yalikuwa yamejikusanya ardhini maelfu ya miaka iliyopita, na mvua ya leo haiwezi kuyarudisha. Visima vikashuka. Mwaka 2008 serikali ikaamua kupunguza ununuzi wa ngano ya ndani hatua kwa hatua, na kufikia 2016 ununuzi ule ukasimama. Wakarudi kununua nje.

Mtaalamu wa Uingereza, Tony Allan, alieleza jambo hili vizuri: nchi kavu inaponunua nafaka, kwa kweli inanunua maji yaliyojificha ndani yake. Kilo moja ya mahindi huhitaji zaidi ya lita 1,000 za maji hadi ikomae. Gunia lako la kilo 100 limebeba basi zaidi ya lita 100,000, yaani matenki 20 ya lita 5,000. Dalali akipakia gunia hilo kwenye lori, anapakia mvua ya Ufipa.

Sisi nasi tuliwahi kuwa wanunuzi

Usidhani ukosefu wa chakula ni wa jangwani tu. Mwaka 1973 hadi 1975 Tanzania ilipata ukame, tena wakati watu wengi walikuwa wanahamishiwa katika vijiji vipya na mashamba yao ya zamani wameyaacha. Bei ya mafuta duniani nayo ilikuwa imepanda. Nchi ikalazimika kuagiza mamia ya maelfu ya tani za nafaka, na akiba ya fedha za kigeni ikakauka. Mwaka 1974 wazee wetu wakasikia wito wa "Kilimo cha Kufa na Kupona".

Hapo ndipo historia ya Ufipa ilipogeuka. Chakula cha wazee wetu kilikuwa ulezi na maharage, vilivyolimwa kwa ntumba, yale matuta ya mviringo ambamo majani hufukiwa yaoze yawe mbolea. Mahindi yalikuwepo, ila hayakuwa mfalme. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ikaweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likawa mnunuzi. Mkulima wa Sumbawanga, aliye zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, akalipwa sawa na aliye karibu na mji. Mbolea nayo ilikuwa na ruzuku. Ndivyo Rukwa ilivyoungana na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la taifa.

Njaa ile ya taifa inaonekana ilituachia pia mgeni asiyealikwa. Dumuzi, yule mdudu anayegeuza mahindi kuwa unga kabla hujafika mashineni, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Hapa nchini alianza kuonekana Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 kuelekea 1980, na wataalamu wengi wanaamini aliingia ndani ya nafaka iliyoagizwa.

Miaka ya 1980 na 1990 soko likafunguliwa, bei moja ikaondoka, ruzuku ya mbolea ikaondoka pia kwa kipindi kirefu. Umbali wetu ukarudi kuwa mzigo wetu. Serikali ilianzisha hifadhi ya nafaka ya taifa mwaka 1991, na tangu 2008 kazi hiyo inafanywa na NFRA. Hiyo ni akiba ya taifa. Akiba ya nyumba yako haiwezi kuchukua nafasi yake, na yenyewe haiwezi kuchukua nafasi ya akiba ya nyumba yako.

Mlango wa soko hufungwa pande zote

Mwaka 2007 na 2008 bei ya nafaka duniani ilipanda ghafla. India na Vietnam zikazuia mchele usitoke. Nchi za Ghuba zilikuwa na fedha mkononi, lakini wauzaji walikuwa wamefunga mlango. Mwaka 2017 mlango ulifungwa kwa upande wa pili: mahindi yetu yalizuiwa kwenda nje ya nchi ili taifa lisipungukiwe, na wengi wenu mnakumbuka bei ilivyoanguka huku magunia yakiwa ndani.

Sasa, bibi, jibu lako ni hili. Nyumba inayouza mahindi yote Juni na Julai, wakati kila mtu anauza, imejigeuza nchi ya jangwani katikati ya mvua. Kuanzia hapo inaishi kwa kununua, kwa bei anayotaka mwingine. Tena Oman ina mafuta ya kuuza ili inunue chakula. Wewe Januari una nini cha kuuza? Wengi huuza nguvu zao: wanapalilia shamba la mwenzao huku la kwao likimezwa na magugu.

Wazee wa Oman wana mifereji ya kale iitwayo falaj. Mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji ya mfereji yana utaratibu: kwanza ya kunywa, kisha ya mitende, mwisho mazao ya msimu. Maji yakipungua, mazao ya msimu ndiyo yanayoachwa. Watu na mitende hawaguswi.

Tufanye vivyo hivyo kwa gunia:

1. Kwanza chakula. Pima unga mnaotumia kwa wiki moja, zidisha mara 52. Ongeza wa wageni na misiba. Hayo magunia yatenge kabla dalali hajafika.

2. Pili mbegu na mbolea. Tenga magunia ya kulipia pembejeo, na uzinunue mapema, kabla mvua ya Novemba haijaanza.

3. Mwisho soko. Yanayobaki ndiyo ya kuuza, na usiyauze yote siku moja. Kataa lumbesa, uza kwa mizani.

Kabla ya kuhifadhi, kausha vizuri. Weka punje chache na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Yakikauka, tumia mifuko isiyopitisha hewa au kihenge cha bati kinachofungwa vizuri, maana dumuzi hawezi kuishi bila hewa. Ukishafunga, usifungue ovyo.

Kaa na mwenzi wako mfanye hesabu hiyo wiki hii, kabla lori halijapiga honi. Ikikupa shida, njoo ofisi ya kata au nisimamishe njiani na pikipiki yangu. Tutaifanya pamoja.